Kasha Jembamba Ulilonichagulia

Zuhura, rafiki yangu,

Wanasema kazi ndiyo iliyokuua. Salamu nitakupa baadaye. Naanza na hilo kwa sababu tangu siku ya maziko yako limenikaa kooni kama kiazi cha moto, na leo nimeamua kulitema.

Nilifika Katesh nimechelewa. Simu ya mama yako ilinikuta shambani huku Gitting, nikapanda bodaboda na udongo wangu mikononi, lakini nilipofika watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Kwetu tungekulaza ndani tukikuimbia huku tunangoja ndugu wa mbali. Kwenu hamkawii. Sikuuona uso wako. Nilikuta viatu vimejaa mlangoni, na kaka yako Ramadhani yuko barazani, macho mekundu, anawaambia wanaume waliomzunguka: "Tulimwambia aache. Kazi ya kiume haina huruma kwa mwanamke. Ule moshi wa kuchomelea nyaya ndio uliomaliza kifua chake." Wazee wakaguna kukubali. Mmoja akasema liwe funzo kwa mabinti wengine.

Funzo. Zuhura mzima umegeuzwa funzo.

Siku ile sikusema neno. Nililia tu, na mtu anayelia hupewa maji, hasikilizwi. Lakini ukweli ninao, kwa sababu ulinipa mwenyewe tukiwa bwenini Mbulu, wasichana wawili tunaogawana blanketi kwa ajili ya ile baridi. Uliniambia kwamba ulipokuwa mtoto uliugua homa ikakuvimbisha magoti, na ilipoondoka ikakuachia moyo ambao mlango wake mmoja haufungi sawasawa. Ndiyo maana hukukimbia mchakamchaka. Ndiyo maana ulipanda ngazi za bweni ukisimama katikati na kujifanya unatazama mlima. Wakati huo hujashika hata bisibisi. Moyo wako uliugua kabla ya kazi yako kuzaliwa, na mimi nasema kazi ndiyo iliyokuongezea siku.

Nilikuona ukifanya kazi, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya. Kona yako ilikuwa ndani ya duka la baba yako la vifaa vya ujenzi, nyuma ya mabati na mifuko ya saruji, meza moja na taa moja. Mwanaume akiingia na simu yake iliyokufa, au na kompyuta ya ofisi iliyogoma, anatazama huku na huku na kuuliza fundi yuko wapi. Wewe hukuinua hata kichwa. Ulisema: "Unamtazama." Wengine waligeuka wakaondoka. Wengi wa hao walirudi baada ya kuzunguka Katesh nzima, wakaweka simu mezani kimya kimya kama watu wanaoweka sadaka.

Sasa nikupe habari za kasha la kompyuta yetu, maana ndilo tuliloliacha njiani.

Unakumbuka jambo lilivyoanza. Mimi nafundisha chekechea ya usharika, na nimefundisha kwa miaka bila cheti. Ilipokuja habari kwamba asiye na cheti ataondolewa, nilijiunga na masomo ya mbali. Kila kazi lazima ipigwe chapa na kutumwa kwa mtandao. Nilianza kuandika kwenye simu kwa kidole gumba, insha nzima, mpaka kidole kikafa ganzi. Nikaazima laptopu ya wifi yangu. Kibodi yake ikafa herufi chache, na ulipoifungua ukaniambia kwamba kuiponya ni kama kumtoa mtu utumbo ili umtibu jino. Ndipo ukasema tutajenga ya kwetu, kipande kwa kipande, ili kikifa kimoja tubadilishe hicho hicho.

Shida ilikuwa ni mahali pa kuiweka. Nyumba ile ni ya mama mkwe wangu. Mume wangu Daudi ni mtoto wa mwisho, na kwa desturi yetu mtoto wa mwisho hubaki na mama, kwa hiyo pale mimi ni mgeni wa kudumu. Mama alisema kompyuta ni kitu cha ofisi. Alisema meza ni ya kulia chakula, dirisha ni la mwanga, na kona ya sebule ni ya wageni. Nilipoendelea kuomba akanionyesha upenyo kati ya kabati la vyombo na ukuta, mahali panapokaa ufagio, akasema kama nina kitu kinachoenea pale niweke. Alijua hakuna. Sipiyu zote alizowahi kuziona, kule halmashauri na kule benki, zilikuwa na unene wa begi la mwanafunzi wa bweni.

Wewe ulipanda Gitting siku ya pili yake. Ulimwamkia mama kwa adabu zote, ukanywa chai, ukasifu maziwa. Kisha ukainama kwenye ule upenyo, ukavuta kamba ya kiatu chako, ukapima kutoka kabati hadi ukuta na kupiga fundo. Ukapiga fundo la pili nyuma kidogo ya lile la kwanza. Nilikuuliza la nini. Ukasema: "Usinunue kasha linaloenea. Nunua linalobakiza nafasi ya kupumua."

Kamba ile ilisafiri hadi Arusha. Ulinitumia picha kutoka dukani na mimi nikiwa darasani na watoto wananivuta sketi. La kwanza lilikuwa na kioo ubavuni na taa za rangi, nikalipenda kama mjinga, ukaniambia hilo ni la kijana asiye na mama mkwe. La pili lilikuwa jembamba kama Biblia ya kanisani, zuri mno, lakini ukasema umeme wake unapitia kifaa cha nje kilicho kama tofali, na ndani hakuna pa kuweka feni ya maana. Litachemka, na tofali likipotea au likiungua tutaomboleza. Mwenye duka alichoka. Alikucheka kwa ajili ya kamba yako. Ulinisimulia kwamba uliendelea kupima tu, kasha baada ya kasha, hadi chini ya rafu ukaliona hili: la chuma, jeusi, lina mikwaruzo, nusu ya unene wa yale ya ofisini. Linaweza kusimama au kulala. Pawa saplai yake, hicho kifaa cha umeme, ni ndogo na inakaa ndani. Matundu ya hewa yapo ubavu mmoja na juu, kwa hiyo ubavu mwingine unaweza kutazama kabati bila kudhurika. Na mbele lina wavu wa kuzuia vumbi, unaotoka kwa kucha na kuoshwa kwa maji. Ulisema upepo wa Katesh ukilikuta kasha lisilo na wavu, ndani ya kiangazi kimoja litakuwa kichuguu.

Ulikusanya vipande vingine taratibu. Ulinifundisha kila kimoja kwa jina na kunikataza kukishika kabla sijagusa chuma kwanza, umeme wa mwilini utoke. Kilichobaki ni kimoja. Feni ya kupoza prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa ndefu, kifuniko hakikufunga. Ukasema utaitafuta fupi, tusiwe na haraka.

Halafu wewe ndiye uliyekuwa na haraka.

Wiki ya msiba Ramadhani aliondoa meza yako. Alipanga mifuko ya saruji pale pale ulipokuwa unakaa, hadi usawa wa taa. Vitu vyako aliviweka kwenye gunia, akasema atampa fundi mmoja wa stendi avichukue vyote kwa pamoja. Nilikwenda kumwamkia mama yako, nikamwambia humo ndani kuna kasha langu. Hakuniuliza maswali. Alikwenda kulifungua lile gunia mbele ya mwanawe, akatoa kasha, akalipangusa kwa upande wa khanga yake na kunipakatisha kama mtoto. Alisema: "Zuhura alisema hili ni la Paskalina." Ramadhani aliniambia, si kwa ubaya, kwamba niliuze, kwamba kitu cha marehemu kisichokamilika ni mzigo. Nilimjibu kwamba kitakamilika.

Nikapanda basi hadi Mbulu, kwa sababu Katesh kila fundi niliyemuuliza alikuwa na habari za moshi uliomuua dada yake Ramadhani, na sikutaka kuzisikia. Mbulu ni ile ile, ukungu na makoti, na harufu ya moshi wa kuni asubuhi. Karibu na soko nilimpata kijana mmoja mwenye kibanda cha kompyuta. Alilitazama kasha, akaiona feni, akaniambia ninunue tu keisi kubwa, mambo yatakuwa rahisi. Nilimwambia keisi kubwa haina mahali pa kukaa kwangu. Akasema basi niongeze nyumba. Akacheka, na mwenzake akacheka.

Wewe ungemwambia kitu cha kumkata. Mimi sina ulimi wako. Nilikaa kwenye benchi lake. Nilimwambia sina basi la kurudi mpaka jioni na sina mahali pengine pa kwenda, kwa hiyo nitamngoja apekue. Wateja wakaja wakaondoka. Nilikaa na kasha mapajani, na kila alipogeuka alinikuta namtazama. Mwishowe, nadhani ili nimwondokee, aliburuta boksi la mashine za ofisi zilizokufa, akafungua moja iliyo nyembamba, akang'oa feni bapa kama sahani ya chai. Tukaijaribu. Kifuniko kilifunga, Zuhura. Kilitoa ule mlio mdogo wa chuma kinachokubali. Yule kijana akaniuliza nani alinichagulia kasha hili, maana si wengi wanaojua kuangalia upande wa matundu. Nikamtajia jina lako. Nikamwambia ni fundi wa Katesh.

Nililala Katesh, kesho yake nikarudi Gitting nina furaha ya kijinga. Nikaingia sebuleni, na pale kwenye upenyo palikuwa na gunia la mahindi.

Halikujaa, kwa hiyo limekandamizwa likawa bapa na kusukumwa hadi ndani, limebana kabisa. Mama mkwe alikuwa ameketi anachambua maharage. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akasema nafasi ilikuwa inakaa bure na panya wanamaliza mahindi stoo.

Unanijua. Miaka yote katika nyumba ile sijawahi kupaza sauti. Nimekula baada ya wote, nimelala baada ya wote. Safari hii pia sikupaza. Niliweka kasha juu ya kiti cha wageni, nikavua sweta, nikashika masikio ya gunia na kulivuta. Halikusogea. Nikavuta tena, vyombo vikagongana kabatini. Mama, maharage yake mkononi, akamwita Daudi aje aone mke wake anavyofanya. Daudi akaja akasimama mlangoni, jembe bado liko begani.

Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa: "Mama, mlinionyesha mahali hapa wenyewe. Hapa pana mwenyewe."

Nilimwona Daudi anamtazama mama yake, halafu ananitazama mimi, na nikaona kabisa kwamba ndoa yangu imesimama pale kati ya kabati na ukuta. Kisha akaegemeza jembe, akaja kushika upande wa pili. Usidhani alitoa hotuba. Alisema tu kwamba nikivuta peke yangu gunia litapasuka. Tulilibeba hadi stoo. Huko stoo, katika lile giza la magunia, aliniuliza kama kweli nitaweza kuimaliza mwenyewe. Nikamwambia nitaweza. Akasema haya.

Nilijenga Jumapili baada ya ibada, mezani, kwenye meza ya chakula, ndiyo, na hakuna aliyenizuia. Niligusa chuma kwanza. Niliweka madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, juu ya vile vimiguu vyake ili mgongo wake usiguse kasha. Ile dawa ya prosesa ya kupitisha joto nilipaka kiasi cha punje ya dengu kama ulivyonifundisha, na nilipoona nimezidisha nilifuta na kuanza upya. Nyaya katika kasha jembamba ni ugomvi. Hakuna pa kuzificha, kila moja lazima ipite ubavuni mwa mwenzake, na ukikosea moja unatoa zote. Nilitoa zote. Nikazirudisha. Mke wa jirani aliyekuja kuomba chumvi alikaa mpaka mwisho.

Nikabonyeza swichi, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Mama mkwe akasema, kwa upole ambao uliniuma kuliko kejeli, kwamba si kila kitu ni cha kila mtu.

Hapo nilikusikia. Sikuota wala sikupandwa na mizimu, nilikumbuka tu ulivyokuwa ukisema ukicheka: "Haikuwaka? Usilaumu umeme. Laumu mikono, isamehe, halafu kagua waya wa swichi." Nilifungua kifuniko. Waya mwembamba wa swichi ulikuwa umekaa pini moja pembeni. Nikausogeza kwa kucha.

Ikawaka. Feni bapa ikazunguka na sauti ndogo kama ya mtu anayepuliza uji. Nilipolisimamisha kasha penye upenyo liliingia, na upande wa matundu ukabaki wazi kwa vidole vyangu kupita. Mke wa jirani akauliza kama sipiyu yote ndiyo hiyo. Nikasema ndiyo hiyo. Sikulia hata kidogo, ujue. Nilikuwa na hasira, hasira nzuri, ya mtu aliyeambiwa hapana na kila mlango kisha akaingia.

Kesho yake nilitoka shule nikakuta mama mkwe amelivika kasha kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua anachokitoa Krismasi tu. Kimefunika juu na ubavu, kimeziba matundu yote, na ndani feni inahema. Nilisimama pale nikiwa sijui nicheke au nifanye nini. Nilimshukuru. Nikamweleza kwamba hii mashine inavuta pumzi hapa na kutoa hapa. Aliniuliza kama sasa itakaa uchi mbele ya wageni. Mwishowe tulikihamishia kitambaa kwenye ile skrini ndogo uliyonitafutia, inayokaa juu ya kabati, na jioni nikitaka kusoma nakikunja kwa heshima. Bado hapendi. Juzi alimwambia mchungaji kwamba mimi siku hizi nimeolewa na ukuta. Lakini gunia halijarudi.

Arobaini yako nilikwenda. Nilikaa na wanawake ndani, nikamenya viazi, nikasikiliza dua nisizozijua maana. Chakula kilipokwisha, Ramadhani akawa uani na wageni kutoka Dongobesh, akaanza tena. Moshi. Kazi ya kiume. Binti yake mkubwa alikuwa hapo anakusanya sahani, anasikiliza, na ni yeye aliyenisukuma, maana niliona jinsi alivyoinamisha kichwa.

Nilitoka na kisu nilichokuwa naosha mkononi, nikarudi kukiweka, nikatoka tena. Niliamkia wazee wote kwanza. Kisha nikasema mbele yao: "Kaka Ramadhani, Zuhura alikuwa na moyo mgonjwa tangu utoto. Mnajua. Mlimpeleka wenyewe hospitali. Msiisingizie kazi yake, haina mdomo wa kujitetea."

Ramadhani alisimama, nikadhani atanifukuza. Akanitazama, na uso wake ukavunjika, Zuhura, ule uso mkubwa wa msimamizi wa duka ukavunjika kama wa mtoto, akaenda nyuma ya nyumba. Najua si mtu mbaya. Anatafuta kitu cha kukipiga, na moyo huwezi kuupiga. Lakini atafute kingine. Baba yako, ambaye tangu maziko hakuwa amesema lolote, akawaambia wageni kwa sauti ya chini: "Ni kweli. Ni moyo." Mama yako ndani alikuwa amesikia. Alinishika mkono tu, na tukaendelea kuosha vyombo.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Kona yako bado ina saruji. Wengine huku nje wataendelea kusema moshi, kwa sababu moshi unasimulika vizuri kuliko moyo. Kazi yangu ya kwanza ya masomo nimeituma, na majibu hayajaja. Nikifeli nitarudia. Nikiondolewa chekechea kabla ya cheti, nitafundisha watoto hapa hapa uani kwa mama mkwe, na yeye atawapa uji, maana kwa watoto hana ubishi.

Salamu nilizokuahidi ndizo hizi. Mama yako anaamka, anakula kidogo. Mvua imeanza kushuka upande wa Getanuwas, na mlima umejifunika. Daudi anakusalimu, aliniambia niandike hivyo bila kuinua macho.

Na ahadi yangu ndiyo hii: cheti nitakipata, na binti wa kaka yako nitamfundisha kushika bisibisi, Ramadhani akitaka asitake. Nimeshamwambia mama yako, naye akasema nije nimchukue likizo.

Pumzika, Zuhura. Kwenu mnasema mtu amerejea kwa Mola wake. Kwetu tunasema tutaonana asubuhi ya ufufuo. Mimi sijui hayo mambo yamepangwa vipi huko. Lakini kama kuna mlango wa kwenu na mlango wa kwetu, usinitafute ndani. Nitakuwa nimesimama nje ya mlango wa kwenu, nakuita kwa sauti yote niliyojifunza mwaka huu, na sitaondoka mpaka utoke.

Ni mimi,
Paskalina wa Gitting